Maonyo ya kota: je, ordinatere imeharibika?



Wengi mumeuliza: juu ya nini ordinatere ya shule iliandika maonyo mengi siku tulipoanza kuweka kota? Wengine walisema imeharibika, heri kufuta Linux yote na kuanza upya. Hapana! Tungefuta pamoja na kazi za wote. Basi, tusikilizane.

Kwanza, kota ni nini? Ni kipimo cha nafasi ambayo kila mtumiaji anapewa ndani ya diski. Diski ni sawa na depo moja ya watu wote: mmoja akiijaza magunia yake, wengine hawana pa kuweka. Ndivyo ilivyotufikia. Mmoja alijaza filamu, na wanafunzi wa darasa la mwisho wakashindwa kuhifadhi kazi zao. Kota ina mipaka miwili: ule mlaini unaweza kupitwa kwa muda, kwa kawaida siku 7, ule mgumu haupitwi hata kidogo.

Sasa tuje kwa maonyo. Ndani ya Linux kuna kiini, ndicho kinachotawala diski. Vipande vingine vya kiini vinaitwa moduli. Vinaingizwa wakati vinapohitajiwa, kama fundi anavyotoa chombo ndani ya sanduku. Tuliona maonyo matatu:

1. Moduli quota_v1 haipatikani. Hiyo ni ya mtindo wa zamani. Sisi tunaotumia faili aquota.user tunahitaji quota_v2. Hapo hakuna shida.

2. Programu quotacheck ilisema kwamba kiini kinaweza kutunza kota kwa jurnali, lakini hatuitumii. Hilo ni shauri, si kosa. Tena ni shauri jema: bila jurnali, umeme ukikatika ghafula, lazima kuhesabu kota upya. Sisi tunaotegemea sola na batri tunajua habari hiyo! Kwa diski ya ext4, ongeza usrjquota=aquota.user,jqfmt=vfsv1 katika mstari wake ndani ya /etc/fstab.

3. Programu quotaon ilikataa, ikisema kiini hakijui aina hii ya kota. Hilo ndilo kosa lenyewe: quota_v2 haikuwako. Andika uname -r upate namba ya kiini, kiisha tafuta moduli ndani ya /lib/modules, katika folda yenye namba ileile. Kwa Ubuntu, mara nyingi iko katika kifurushi linux-modules-extra. Lakini angalieni: ukiagiza Bukavu kifurushi cha namba nyingine, kitafika Shabunda bure.

Tena, lsmod isipoonyesha quota_v2, usikate tamaa upesi. Pengine imejengwa ndani ya kiini. Jaribu quotaon, ikikubali, kazi imekwisha.

Kwa hiyo, ndugu, onyo si kilio cha msiba. Lisome mpaka mwisho, uulize: ni shauri ao ni katazo? Na kabla ya kugusa kitu chochote, nakili kwanza kazi za wenzako.