Sumu Ni Ile Ile, Hatari Si Ile Ile

Leo tunaazima somo la kiwandani, tulilete nyumbani.

Hapa Githongo tuna kiwanda cha chai. Mashine za kusaga majani ya chai huwa na meno makali yanayozunguka, nayo yanaweza kukata mkono wa mtu. Je, hatari yake ni kubwa kiasi gani? Wataalamu wa usalama kazini hujiuliza maswali mawili. La kwanza, kuna uwezekano gani wa ajali kutokea? La pili, ikitokea, itadhuru kiasi gani? Kila jibu hupewa alama, 1 hadi 5. Kisha alama hizo huzidishwa.

Tuseme mashine haina kifuniko. Uwezekano ni 4, madhara ni 5. Hatari ni 20. Ikifunikwa, uwezekano hushuka hadi 1, na hatari inakuwa 5. Meno ni yale yale, ila mkono hauyafikii. Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye kiwanda apime hatari kama hizi.

Sasa turudi nyumbani. Wengi wetu tunalima kahawa, na dawa ya kuua wadudu tunaiweka ndani. Ukiimimina katika chupa ya soda na kuiweka chini ya kitanda, mtoto wa miaka 2 atadhani ni nini? Madhara ni 5, kwa kuwa inaweza kuua. Uwezekano ni 4. Hatari ni 20, sawa na mashine isiyo na kifuniko.

Labda utasema, "Mbona hajawahi kuigusa?" Mama, mtoto aliyekuwa akitambaa juzi, leo anatembea na kufungua vifuniko.

Kwa hivyo, fanya hivi:

- Iache dawa katika chombo chake chenye maandishi.
- Ifungie kwa kufuli, mahali pa juu, mbali na chakula.
- Chombo kikiisha dawa, usikitumie kuwekea maji wala maziwa.

Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali mara moja, na ubebe chombo cha dawa ili daktari ajue ni sumu gani.

Mama, ile 5 ya madhara huwezi kuipunguza, maana sumu ni sumu. Lakini ile 4 ya uwezekano, kufuli moja tu inaishusha. Leo, kabla hujalala, chungulia chini ya kitanda.