Mchai Mmoja, Chai Nne

Haya, sogeeni karibu, niwasimulie safari ya jani.

Kule Kericho, nyanda za juu za Kenya, mvua hainyimi mtu. Asubuhi wachumaji huingia shambani na vikapu mgongoni. Hawazoi kila jani. Wanachuma ncha tu: majani mawili na kichipukizi. Yale makubwa ya chini yamekomaa, hayatoi chai nzuri.

Sasa nawauliza: chai nyeusi hutoka kwenye mti gani, na chai ya kijani mti gani? Mmesema miti miwili? Hapana! Mti ni uleule, mchai. Tofauti huanzia kiwandani.

Ndani ya jani mna vimeng'enya. Jani likiwa zima, vimetulia. Likipondwa, maji yake hukutana na oksijeni ya hewani na vimeng'enya huanza kazi. Mmewahi kuona biringanya lililokatwa likiachwa mezani? Hugeuka kahawia. Jani la chai nalo ni hivyo hivyo.

Kiwandani, majani hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na hewa hupulizwa kutoka chini. Hukaa hapo kwa muda wa saa 12 hadi 18 mpaka yanyauke na kulainika. Kisha hupitishwa katikati ya magurudumu yenye meno, ambayo huyakata, huyararua na kuyavingirisha yawe punje. Njia hiyo ilianzia Assam, India, mwaka 1930, na ndiyo inayotumika zaidi Kenya. Punje zikiachwa zipate hewa, kijani huyeyuka na rangi ya shaba huingia. Hapo lazima mtengenezaji awe macho, maana zikikaa mno, ladha huharibika. Wakati ukifika, huingizwa kwenye tanuri la kukaushia. Joto huvizima vimeng'enya, punje hukauka, na chai nyeusi iko tayari. Huchekechwa, hupangwa kwa madaraja, na nyingi huteremka hadi mnada wa Mombasa.

Na ile ya kijani? Joto hutangulia. Wajapani huyafukiza majani kwa mvuke. Wachina wengi huyakaanga kwenye karai bila mafuta. Vimeng'enya huzimwa kabla havijaanza kazi, na jani hubaki na ukijani wake.

Huko Fujian, China, na kisiwani Taiwan, watu hutengeneza chai ya ulongi: jani huachwa ligeuke nusunusu, kisha husimamishwa kwa moto. Fujian hiyohiyo hutoa chai nyeupe, ya vichipukizi vinavyonyaushwa na kukaushwa tu, bila kupondwa.

Je, mchaichai? Unanukia vizuri kikombeni, lakini ni nyasi, wala hauna undugu na mchai. Basi mtu akiwabishia kwamba chai ya kijani ina mti wake, mjibuni: mti ni mmoja, kinachotofautiana ni lini jani limepata hewa na lini limepata moto.