Mji na Mwitu: Habari za Watu na Wanyama Katika Nchi ya Handeni na Korogwe

Lugha yetu yatufundisha jambo ambalo tumelizoea mno hata hatulioni. Twasema "ng'ombe amelala" kama tusemavyo "mtu amelala", lakini akiisha kuchinjwa twasema "nyama imeiva." Aliye hai huhesabiwa upande wa watu, aliyekufa upande wa vitu. Tena wanyama twawagawa mafungu mawili, wa kufugwa na wa mwitu. Kwa maneno hayo mtu aweza kudhani kwamba mpaka kati ya mji na mwitu uliwekwa tangu mwanzo, wala hausogei. Habari za Uzigua zaonyesha kwamba sivyo. Mpaka huo huwekwa na watu kwa kazi ya mikono yao, nao ukiachwa hupotea.

Wazee walilijua jambo hili. Katika habari za Wakilindi, alizoziandika Abdallah bin Hemedi, twasoma juu ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na mbwa wake. Alikuwa akiwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Hata alipofika Usambaa akaua simba, watu wakamfanya mkuu wao. Na wafalme wa Vugha wakaitwa Simba Mwene. Yafaa tuangalie maana yake: aliyestahili kutawala ni yule awezaye kuwazuia wanyama wa mwitu wasiingie mjini.

Wala kazi hiyo haikuwa ya kulinda mahindi na mtama tu. Katika vichaka vya nchi hii hukaa mbung'o, naye hunyonya damu ya nguruwe mwitu, ngiri, nyati na wengineo. Wanyama hao huweza kuchukua vijidudu vya nagana katika damu yao wasife; lakini mbung'o akiisha kuwanyonya, kisha akamuuma ng'ombe, ng'ombe hukonda hata akafa. Mbung'o hapendi mahali peupe penye jua. Hutaka kivuli, na mtoto wake humweka katika udongo wenye kivuli. Basi watu walipofyeka, wakachoma majani, wakalima pamoja na kuwinda nguruwe, walikuwa wakimfukuza mbung'o pia. Ndiyo sababu katika karne ya 19 watu wa Uzigua waliweza kufuga ng'ombe katika nchi ambayo baadaye ilisifika kwa mbung'o.

Yalipowapata watu mabaya, mpaka ukavunjika. Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia katika nchi zetu, ikaua ng'ombe wengi sana, na nyati pia. Vita vya Wadachi na watu wa pwani, ambavyo Bwana Heri wa Sadani alipigana pamoja na Wazigua, vilikuwa vimeanza mwaka 1888. Kisha wakaja nzige na njaa tangu mwaka 1894, na njaa nyingine kabla karne haijaisha. Watu wakafa, wengine wakahama. Mkonge ulioletwa mwaka 1893 ukaenea katika bonde la Ruvu, na reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Vijana waliotakiwa kutoa kodi wakaenda kutafuta kazi ya mshahara. Nani basi abaki kufyeka? Mashamba yakageuka vichaka, nguruwe wakarudi, na mbung'o akawafuata. Walioona nchi hiyo baadaye walidhani kwamba ni pori tangu zamani, kumbe palikuwa pamelimwa.

Siku hizi ziko dawa za nagana, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekoma duniani. Ng'ombe wamo tena Handeni na Kilindi, na wengi wao ni wa wafugaji, Wamasai na Waparakuyo. Lakini magomvi ya wakulima na wafugaji yametokea, na mara nyingi husemwa kwamba ni uadui wa makabila. Sisi twaona kwamba neno hilo halitoshi. Ng'ombe aingiapo katika shamba la mahindi, ugomvi ni juu ya mpaka: nani autengeneze, nani aulinde, na ng'ombe apite wapi akatafute maji. Mambo hayo huamuliwa kwa mashauri ya wakulima na wafugaji wakiketi pamoja, wala hayaamuliwi kwa kutukanana kabila.

Basi, ndugu walimu, mkipata nafasi waulizeni wazee wa kila kijiji: Mahali hapa palipo na kichaka, zamani palilimwa nini? Nani alikuwa na ng'ombe, na aliwakabidhi nani kuwachunga? Mwezi gani watu walichoma majani, na kwa amri ya nani? Majibu yao yaandikeni kwa maneno yao wenyewe, Kizigua au Kisambaa, pamoja na majina ya miti na ya wanyama. Wazee wakiisha kufa, kichaka hakitatuambia kwamba palikuwa shamba.