Mtoto Asemaye Luka Jukwaani: Filamu ya Katuni na Mkesha wa Krismasi

Kila yafikapo Majilio, wachungaji wa sharika za vijijini hukutana na ombi ambalo walimu wetu hawakutufundisha namna ya kulijibu. Vijana huja wakiwa na filamu ya katuni ya Krismasi waliyoipata Mbinga mjini au Songea, nao huomba ionyeshwe usiku wa mkesha mahali pa igizo la watoto. Zamani mchungaji aliweza kujibu kwamba hakuna umeme. Siku hizi paneli ya jua na projekta ndogo hupanda hata milima ya Kitura juu ya pikipiki, na hivyo yatupasa kujibu kwa theolojia.

Katika makala haya nitachunguza filamu moja tu, A Charlie Brown Christmas, kwa sababu ndani yake Injili ya Luka imesemwa waziwazi kuliko katika nyingine nyingi za jamii yake. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 9 Desemba 1965 na shirika la televisheni la CBS, kwa gharama ya kampuni ya Coca-Cola. Kwetu ilichelewa kufika: Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo hadi 1994.

Kisa chake ni chepesi, nacho huchukua dakika 25 hivi. Mvulana aitwaye Charlie Brown ana huzuni, ingawa Krismasi imekaribia. Mbwa wake anapamba kibanda chake ili ashinde zawadi; dada yake mdogo anaandika barua ya kuomba fedha. Yeye mwenyewe anapewa kazi ya kuongoza igizo la Krismasi, lakini hakuna amsikilizaye. Anatumwa kununua mti, anarudi na kijiti kinyonge, na wenzake wanamcheka. Ndipo anapopaza sauti kuuliza kama yuko hata mmoja ajuaye maana ya Krismasi. Rafiki yake Linus, mtoto asiyeachana kamwe na blanketi lake, anakwenda katikati ya jukwaa, anaomba taa, kisha anasema kwa moyo Luka 2:8–14. Hafafanui neno lolote. Anaokota blanketi lake na kurudi mahali pake.

Sehemu hiyo nusura isiwepo. Mtayarishaji Lee Mendelson na mwongozaji Bill Melendez walisitasita kuweka maneno ya Biblia katika burudani ya televisheni. Mchoraji Charles Schulz, ambaye aliwahi kufundisha shule ya Jumapili, alishikilia kwamba yabaki. Wakubwa wa televisheni nao walipoitazama hawakuridhika: iliwaonekania ya polepole mno. Hata hivyo, karibu nusu ya televisheni zilizokuwa zimewashwa usiku ule nchini Marekani ziliifuata. Sauti zake nyingi ni za watoto wenyewe, na yule aliyemsemea dada mdogo alikuwa bado hajui kusoma, hata ikabidi apewe maneno yake kipande kwa kipande. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka, kwa maana ndivyo wainjilisti wetu wafundishavyo aya za Krismasi kwa watoto wa mitaani.

Je, Mlutheri aikatae filamu kwa kuwa ni ya kidunia? Martin Luther mwenyewe, katika wimbo wake wa Krismasi kwa watoto uliochapwa mwaka 1535, alichukua mtindo na sauti ya wimbo wa mafumbo ulioimbwa na vijana mitaani, akautia habari ya malaika. Kwa hiyo chombo hakitushtui. Lililo muhimu ni kuuliza chombo hicho kimebeba nini.

Naona filamu hii inafundisha vema jambo moja ambalo sisi wahubiri hulisahau. Charlie Brown anajichunguza moyo wake akitafuta furaha, wala haipati. Maana ya Krismasi haitoki ndani yake, wala haitoki katika wema wa rafiki zake. Inamjia kutoka nje, kwa kinywa cha mwingine, kama neno la kusikiwa. Tena, Linus anapofika kwenye agizo la malaika la kutoogopa, anaachilia blanketi lake. Hilo ni jambo dogo la mchoraji, nami sitalijengea fundisho kubwa, lakini mtoto huliona kabla ya mtu mzima.

Upungufu wake nao ni mkubwa. Linus anaishia aya ya 14. Wachungaji hawaondoki makondeni, hawafiki Bethlehemu, hawamkuti mtoto horini. Baada ya maneno yale filamu inarudi kwenye mti: watoto wanaupamba, wanapatana na Charlie Brown, wanaimba. Mapatano ni mema, lakini mtazamaji aweza kudhani kwamba utukufu wa malaika ulikusudiwa kuleta urafiki tu. Neno la aya ya 11, kwamba Mwokozi amezaliwa kwa ajili yenu, limetamkwa halafu limeachwa jukwaani. Mwaka 1970 Walutheri wa Marekani walitoa katuni yao, Christmas Is, ambamo mvulana Benji, aliyechukizwa kupewa sehemu ya mchungaji wa pili katika igizo, anajikuta yuko katika Krismasi ile ya kwanza. Kama sanaa nadhani ni dhaifu kuliko ya Schulz, lakini imeijua njia ya kwenda horini.

Tena huku Umatengo kishawishi cha Krismasi si mti wa dukani. Ni nguo mpya. Malipo ya kahawa yakichelewa au yakiisha mapema, wako watoto wasiokuja ibadani siku ya Krismasi kwa sababu wataonekana na nguo za jana. Filamu haiwezi kulijua hilo. Mchungaji lazima alijue.

Nilihudhuria mkesha katika usharika mmoja wa vijijini ambako igizo lilikuwa limefutwa kwa ajili ya filamu hii. Kijana mmoja alitafsiri kwa kipaza sauti, naye aliwachekesha watu sana kwa habari za mbwa. Linus alipoanza kusema, kwa Kiingereza cha Biblia ya mwaka 1611, kijana hakukielewa, akanyamaza. Watu wakadhani mitambo imeharibika, wakaanza kuzungumza. Watoto waliojifunza aya hizo hizo kwa wiki sita walikuwa wameketi mikekani mbele, wakitazama ukuta.

Mwaka uliofuata tuliafikiana na wazee wa kanisa. Filamu ilionyeshwa, lakini Charlie Brown alipouliza swali lake tuliisimamisha. Msichana wa darasa la tano, amevaa sare yake ya shule, akasimama kando ya ukuta na kusoma Luka kwa Kiswahili. Mvua ilikuwa ikipiga mabati, hata ikabidi apaze sauti. Hakuishia aya ya 14. Alisoma mpaka ya 20. Kisha igizo likaanza, na mchungaji wa pili akaingia na mbuzi wa kwao.