Mbona mistari ya rangi haidumu kwenye zege?

Mji wa Ikutha, Kaunti ya Kitui, uko kwenye barabara ya Kibwezi hadi Kitui. Mistari ya maegesho inapobambuka na waendao kwa miguu kuanza kukwepana na magari, ni rahisi kulaumu jua kali la huko. Aghalabu kosa hutokea kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.

Zege jipya huhitaji takriban siku 28 kukomaa. Juu yake hubaki utando dhaifu wa saruji. Rangi ikishika utando huo, magurudumu yenye joto huvibandua vyote viwili. Sharti utando ukwanguliwe na vumbi lioshwe. Kisha gundisha kipande cha plastiki sakafuni usiku kucha: matone yakionekana chini yake asubuhi, unyevu ungalipo, na hata rangi ya bei ghali haitashika.