Nyumba katikati ya kiwanja ni mtaji uliolala

Mfanyabiashara anayepata kiwanja chake cha kwanza Dar es Salaam, kiwe Mbweni, Kibada au Toangoma, kwa kawaida huanza kuuliza bei ya saruji, nondo na kokoto. Swali la nyumba ikae wapi ndani ya kiwanja huachiwa fundi, na fundi naye, asipoambiwa vinginevyo, hupima na kuiweka katikati. Uamuzi huo wa nusu saa ndio unaokuja kuamua kama kiwanja kitaweza kuzaa tena au la, na ni wa bure wakati kamba bado ziko juu ya mambo.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600, upande wa mita 20 ukiwa barabarani. Nyumba ni ya mita 10 kwa 13. Ikiwekwa katikati zinabaki mita tano kila ubavu, na mita nane na nusu mbele na nyuma. Ardhi iliyobaki ni mita za mraba 470, ambayo kwa hesabu ni nyingi, lakini imekatwa vipande vyembamba visivyotosha nyumba ya pili ya maana.

Nyumba hiyo hiyo ikisogezwa mita mbili kutoka mpaka wa kushoto na mita sita kutoka barabarani, hali inabadilika. Kulia zinapatikana mita nane, ambazo gari hupita kwa nafasi hadi nyuma, na nyuma kunabaki mita 11 kwa 20, sawa na mita za mraba 220. Hapo panaingia nyumba ndogo ya kupangisha, yenye njia yake, bila mpangaji kupita mbele ya sebule ya mwenye nyumba. Saruji ni ile ile, nondo ni zile zile.

Kwa upande mwingine, wapo wanaopendelea kurudisha nyumba nyuma kabisa ili mbele wajenge fremu za maduka. Wazo si baya panapopita watu wengi, lakini hati ikisema makazi, matumizi hayo yanahitaji kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Aidha, kila halmashauri ina masharti yake ya umbali kutoka mipakani, na ni vema yaulizwe kwa afisa mipango miji kabla ramani haijachorwa. Nyumba ikirudishwa nyuma, njia ya gari nayo inarefuka. Kila mita 15 zinazoongezeka, kwa upana wa mita tatu, ni mita za mraba 45 za vitofali vya kutandika chini. Msomaji azidishe kwa bei ya mtaani kwake aone.

Hata hivyo, hesabu ya nafasi peke yake haitoshi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba, na kuta zinazoungua zaidi ni za mashariki na magharibi. Kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini, paa lenye ukingo mpana huzikinga vizuri. Pepo nazo, kaskazi na kusi, huingia kwa urahisi kwenye madirisha ya pande hizo. Katika mfano wetu, kama barabara iko mashariki au magharibi, nyumba imekaa sawa. Kama iko kaskazini au kusini, ni afadhali igeuzwe, mita 13 zitazame barabarani. Ubavuni zitabaki mita tano badala ya nane, gari bado litapita, na nyuma zitapatikana mita 14 badala ya 11. Mpangaji wa chumba kinachopigwa na jua la saa kumi huilipa feni na kiyoyozi kabla ya kumlipa mwenye nyumba.

Njia ya gari ndipo wengi wanapokosea kwa senti chache. Upana wa mita tatu unatosha gari dogo, lakini geti likiwa chini ya mita tatu na nusu, lori la mchanga litamwaga nje na kazi ya toroli italipiwa kila siku. Geti likiwekwa mita tano au sita ndani ya mpaka, gari linasubiri kufunguliwa bila kuziba barabara. Kiwanja kikipanda kutoka barabarani, geti la kufungukia ndani litagonga njia yenyewe, na hapo geti la kusukuma pembeni ndilo linalofaa. Mteremko ukizidi mita moja kwa kila mita nane, magari ya chini huanza kukwaruza.

Maji yafikiriwe pamoja na njia hiyo. Paa la mita za mraba 130 likinyeshewa milimita 50 kwa siku moja ya masika hutoa lita 6,500. Njia ikiinamia nyumba, maji hayo yote yanaelekea mlangoni. Kalavati jembamba kwenye mtaro wa barabara nalo huziba taka na kumfurikisha jirani, na ugomvi wake hauishi. Shimo la majitaka liwe mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya unafika bila kupitishwa jikoni.

Kabla ya yote hayo, mpimaji athibitishe mawe ya mipaka na mahali hifadhi ya barabara inapoishia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya kipimo hicho zilivunjwa, nyingine za ghorofa. Aliyeona alama ya X ukutani kwake hakuwa na la kuipeleka benki kama dhamana.

Gharama ya kujaribu ni ndogo. Mambo na kamba vinatosha kuchora nyumba na njia juu ya ardhi, kisha gari lenyewe liingizwe, ligeuzwe na kutoka. Likishindwa kugeuka ndani ya nafasi iliyopangwa, kamba husogezwa jioni hiyo hiyo, kabla fundi hajaanza kuchimba msingi.