Kutunza Dawa Safarini

Mtoto mwenye ugonjwa wa kisukari huweza kuhitaji sindano ya insulini kila siku. Dawa hii ni protini. Joto kali huiharibu. Ikiganda, huharibika pia. Insulini iliyoharibika haimfai mgonjwa, hata kama kwa macho yaonekana nzuri. Ndiyo sababu chupa isiyofunguliwa hutunzwa katika jokofu, penye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi.

Je, mtoto huyo akisafiri kutwa kwa basi, dawa yake itunzweje? Isiachwe juani, wala isigusane na barafu. Njia mojawapo ni kuitia katika mfuko usiopenyeza maji, kisha kuuzungushia kitambaa kilicholoweshwa. Maji yageukapo mvuke huchukua joto la kitu kilicho karibu nayo. Hivyo ndivyo mtungi upoozavyo maji ya kunywa. Kitambaa hakipoozi kama jokofu, lakini huikinga dawa na joto kali.

Jaribio: Jaza maji chupa mbili zinazolingana. Izungushie moja kitambaa kilicholoweshwa. Ziweke kivulini penye upepo kwa saa moja, kisha pima joto la maji ya kila chupa. Ni ipi iliyopoa zaidi? Kwa nini?